Saa Nne na Dakika Arobaini

6 Mei

Bwana Mlinda Lango,

Hunijui. Mimi ni mke wa Mwalimu, yule wa jiografia, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa iliyochakaa, ambaye kila Jumamosi asubuhi huja kutembea ile njia yenu ya mzunguko kando ya mto. Nasema "huja" kwa mazoea tu. Tangu Jumamosi ya tarehe 12 Aprili hajarudi nyumbani.

Nimepiga namba ya hifadhi yenu mpaka kidole kikachoka. Hatimaye nikaambiwa kwamba langoni simu haishiki, na kwamba barua zako huja na gari la vifaa mara moja kwa wiki. Basi naandika.

Najua polisi walifika kwako. Walinionyesha picha ya ukurasa wa daftari lako la wageni. Mume wangu aliingia saa moja na dakika ishirini, akatoka saa nne na dakika arobaini. Kwa hiyo, wakasema, hakupotea hifadhini. Alitoka kwa miguu yake, na mtu mzima akitoka kwa miguu yake ana haki ya kwenda anakotaka. Wakaulizia hospitalini na kwenye vituo vya mabasi, kisha wakafunga jalada. Shemeji yangu, mdogo wake Mwalimu, ameniambia nijikaze, kwamba wanaume wa umri ule hupatwa na wazimu. Hakusema wazimu gani, lakini majirani zangu wameshaupa jina, umri na rangi ya gauni.

Mimi ni fundi miwani. Kutwa nzima nasaga vioo, na nikikosea nusu milimita mteja anaumwa kichwa wiki nzima. Mambo ya "labda" siyawezi. Naomba uniambie, alipotoka alikuwaje? Alikuwa peke yake? Alielekea wapi?

Nitakwambia kwa nini nauliza. Ijumaa jioni tuligombana. Tulikuwa tumepanga Jumamosi twende wote kumwona binti yetu chuoni, naye akasema atapita kwanza mtoni, atarudi kabla ya saa tano. Nikamwambia kama huo mto ndio mke wake, akakae nao huko huko asirudi. Asubuhi nikamsikia anatafuta soksi, nikajifanya nimelala. Nataka kujua kama aliondoka na maneno yale moyoni.

Mke wa Mwalimu


17 Mei

Kwako Mama, mke wa Mwalimu,

Pole sana. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ningekujibu wiki iliyopita, ila gari la vifaa lilikwama kwenye tope, na dereva akalala humo humo kama mfalme mpaka trekta lilipokuja.

Mwalimu namjua miaka mitatu. Njia yetu ni ya kilomita saba, si ngumu wala si lelemama. Unaanzia langoni, unapita katikati ya miti, unapanda kilima kimoja kinachokata pumzi, kisha unashuka na kufuata mto mpaka unarudi ulipoanzia. Wageni wengi huanza kwa mbwembwe na kumaliza wakivuta miguu. Mwalimu alikuwa akimaliza anapiga mluzi. Aliwahi kunisimamisha hapa nje kunieleza aina za mawingu, akaeleza mpaka mvua ikatunyeshea sote wawili.

Sasa nijibu ulichouliza. Siku ile alitoka peke yake. Alinipungia mkono, akatabasamu, akasema tutaonana. Akashika barabara ya kushoto. Mama, maneno ya Ijumaa hakuwa nayo usoni hata kidogo, naomba uutue huo mzigo. Alikuwa mtu mwenye furaha.

Nakuombea arudi salama.

Mlinda Lango


2 Juni

Kaka,

Nashukuru kwa kunijibu. Watu wengi siku hizi wakiniona wanavuka barabara.

Ila kuna jambo. Umesema alishika kushoto. Mwaka juzi nilikuja naye hifadhini mara moja, nikaishia benchi la kwanza, nakumbuka vizuri. Basi la kuja kwetu linasimama kulia kwa lango lenu, mbele ya duka la mbolea. Kushoto kuna kituo cha mabasi ya mbali, yale yanayosafiri siku nzima. Je, una hakika ni kushoto? Fikiri vizuri kabla ya kunijibu. Kama ni kulia, basi alikuwa anarudi nyumbani na kuna kitu kilimpata njiani. Kama ni kushoto, alikuwa anatuacha.

Na hilo tabasamu. Najua uliliandika ili unitulize. Lakini fikiri mwenyewe: mwanamume amegombana na mkewe, hajamuaga, anatoka mtoni anatabasamu, anasema tutaonana, anakwenda kwenye mabasi ya mbali. Nimelala na tabasamu hilo wiki mbili sasa. Laiti ungeniambia alitoka amenuna.

Alikuwa na begi? Alivaa nini? Nyumbani sioni kilichopungua ila kofia, viatu vya kutembelea na shati moja, lakini mimi si mtu wa kuhesabu mashati.

Naomba unijibu upesi. Roho iko juu.

Mke wa Mwalimu


14 Juni

Kwako Shemeji,

Naomba nikuite hivyo, kwa kuwa Mwalimu kwangu alikuwa kama ndugu.

Nimefikiri kama ulivyoniagiza. Ni kushoto. Polisi nao niliwaambia kushoto na wameandika, kwa hiyo ndivyo ilivyo. Begi sikuliona vizuri. Kuhusu tabasamu, usilipe uzito mkubwa. Lilikuwa tabasamu la kawaida tu, kama la mtu aliyemaliza kazi. Pengine alikwenda kumsalimia mtu, akapatwa na dharura. Je, hana ndugu upande ule? Hana rafiki wa zamani? Mtu asikatiwe tamaa mapema.

Huku tuko salama. Mvua imepungua lakini mto bado umejaa, maji ni ya rangi ya chai ya maziwa na matete yamelala. Wageni ni wachache. Mimi siku hizi jioni nikishafunga lango nazunguka njia nzima mwenyewe, kilomita zote saba. Mkuu wangu ananicheka, ananiuliza kama nafanya mazoezi ya kuoa tena. Namwambia ni shauri la daktari.

Nisamehe kama barua zangu hazikusaidii. Mimi si mtu wa kalamu.

Mlinda Lango


29 Julai

Kaka,

Hii ni barua yangu ya mwisho, sitakusumbua tena.

Nilikwenda kushoto. Nilichukua likizo ya wiki mbili, nikapanda yale mabasi ya mbali na picha ya Mwalimu mkononi, nikashuka kila yaliposimama. Niliwauliza makondakta, wauza magazeti, wenye nyumba za wageni. Mwanamke mmoja wa mapokezi aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema hapana, ila mume wake naye aliondoka hivyo hivyo. Akanipa maji ya kunywa. Tukakaa pale kaunta kama wafiwa wawili wasio na maiti.

Niliporudi nikafungua kabati. Nguo zake zote nimempa mlinzi wa ofisi yetu, wanalingana urefu. Sasa nikifika kazini asubuhi namwona mume wangu mlangoni kuanzia shingoni kwenda chini. Sikulifikiria hilo.

Binti yetu amemaliza chuo cha uuguzi. Siku ya mahafali kila mtu alikuwa na wazazi wawili au sababu ya kueleweka. Nilikuwa nimekwisha kumwambia ukweli, kwamba baba yake ametuacha, kwamba alionekana akiondoka na furaha yake. Alinibishia sana. Alisema baba hawezi, baba hata kwenda dukani huaga. Nikamwonyesha barua yako. Aliisoma, akainyoosha, akanirudishia. Wiki iliyofuata akaenda ofisi ya chuo kuomba cheti chake kiandikwe bila jina la baba. Wamekubali.

Sijui kama nimefanya vizuri. Lakini afadhali ukweli unaouma kuliko kukaa dirishani. Watu wote walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, polisi, shemeji, majirani. Wewe peke yako, mtu nisiyemjua, ulinieleza ulichokiona. Sitasahau.

Ubaki salama,
Mke wa Mwalimu


21 Septemba

Shemeji,

Utakuwa umeshapigiwa simu. Niliwaomba wanipe mimi nafasi ya kukuandikia kwanza, wakasema haiwezekani, na ni kweli haiwezekani.

Mimi ndiye niliyempata. Ilikuwa Alhamisi jioni. Maji yameshuka sana mwezi huu. Chini ya njia ya mto, pale ambapo ukingo ulimeguka, matete yamebaki makavu, na nikaona kiatu. Nilikijua kile kiatu. Nilikaa chini kwanza.

Sasa nisome mpaka mwisho, hata kama utaichana baadaye. Mwalimu hakutoka tarehe 12 Aprili. Saa nne na dakika arobaini ni mwandiko wangu.

Kanuni yetu ni kwamba daftari lazima lifungwe kila jioni. Kila aliyeingia awe na saa ya kutoka. Mstari mmoja ukibaki wazi, inabidi watu waitwe wazunguke njia nzima wakitafuta. Mwalimu alikuwa na desturi ya kutokea mlango mdogo wa wafanyakazi, kwa sababu ya viatu vyake vya tope. Alikuwa akipaza sauti kutoka kule, "Nimetoka! Niandikie!" Nami naandika. Alianza yeye kuniomba, tukazoeana. Miaka mitatu nilikuwa namwandikia saa ile ile, maana hakuwa mtu wa kuchelewa. Siku nyingine hata sikumsikia, nikaandika tu, na Jumamosi iliyofuata ananijia mzima anapiga mluzi.

Siku ile ilinyesha tangu saa tatu. Bati la kibanda changu lilikuwa linapiga kelele, usingesikia hata gari. Jioni nikakuta mstari wake uko wazi. Nikajaza. Sikufikiri hata kidogo, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi.

Polisi walipokuja Jumatano, mkuu wangu alikuwa amesimama nyuma yao. Wakauliza, huyu alitoka saa nne na dakika arobaini? Nikasema ndiyo. Nyumba ninayolala ni ya kazi, Shemeji, nikikosa kazi nakosa na kitanda. Pia nilijiambia lazima alitoka, ni mvua tu iliyonizuia kusikia. Wakauliza alielekea wapi. Nikasema kushoto. Sijui kwa nini nilisema kushoto. Mimi hukaa huku huku, mabasi siyapandi, sikujua yanakwenda wapi.

Halafu barua yako ikaja na ile habari ya Ijumaa. Nikaona mama wa watu anajiua kwa maneno matatu ya hasira. Nikakupa tabasamu. Niliona ni sadaka ndogo.

Tangu siku ile nikaanza kuzunguka jioni. Ningeweza kuita watu ishirini. Nikaenda peke yangu, miezi minne, ili nisiulizwe ninatafuta nini.

Sina cha kuomba.

Mlinda Lango


9 Oktoba

Bwana,

Usiniite shemeji.

Tumemzika Jumamosi iliyopita. Wanafunzi wake walikuja wengi, wengine wana mvi. Majirani waliokuwa na rangi ya gauni walikuja na vyakula.

Daktari amesema mguu ulivunjika, na kwamba hawezi kusema alikaa hai muda gani pale chini. Huenda ni dakika, huenda ni zaidi. Nilimbana. Nilimwomba aniambie ni dakika, hata kama ni uongo. Akasema, mama, siwezi kukuambia nisilolijua. Nikamwambia kuna mtu langoni ambaye angenifanyia hisani hiyo bila hata kuombwa.

Unajua ulichofanya na lile tabasamu? Mume wangu amelala kwenye matete, mimi nampa mtu mashati yake. Nimelala kwenye kitanda chetu nikimlaani kwa sauti. Nilimwambia maneno mabaya kuliko yale ya Ijumaa, kila siku, miezi minne. Yale ya Ijumaa angalau aliyasikia na angeweza kunijibu.

Binti yetu nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso. Nikamwambia baba yako hakutuacha, alikuwa anarudi. Alinitazama kama ninavyotazama kioo chenye ufa. Akaniuliza, "Mama, ile mara ya kwanza ulikuwa na hakika kama ulivyo na hakika sasa?" Alisimama makaburini upande wa pili, karibu na baba yake mdogo. Cheti amekirudisha chuoni kiandikwe upya. Kwangu hajapiga simu.

Polisi wamelifungua jalada. Yatakayokupata ni yao, mimi simo. Sina nguvu ya kukuchukia kila siku, nina miwani ya watu inanisubiri.

Ila una kitu changu. Wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona mume wangu akiwa hai. Kutoka hukumwona, tumeshaelewana. Lakini asubuhi aliingia, hilo halina shaka, saa moja na dakika ishirini ni mwandiko wake, namba mbili kwenye tarehe na kwenye ishirini nazijua anavyozichora. Alisimama mbele yako. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimefumba macho makusudi. Kwa hiyo alivyokuwa usoni siku ile unajua wewe tu duniani.

Niambie. Usiniongezee, usinipunguzie. Kama alikuwa amenuna, andika amenuna. Kama alikuwa analia, andika. Nitaipokea. Nataka kumjua alivyokuwa, halafu barua zetu ziishe.

Mke wa Mwalimu


18 Oktoba

Mama,

Nakuandikia kutoka chumba cha kaka yangu. Kazi imekwisha, nyumba nimeiacha, na ni haki.

Siku kadhaa nimekaa na swali lako. Ningeweza kukuandikia uso wa Mwalimu, ungeuamini, na nadhani ungepata nafuu. Mkono wangu umeanza kuuandika mara mbili. Karatasi zote mbili nimezichana.

Uso wake sikuuona. Nilikuwa na redio iliyoingia maji, nimeifungua juu ya meza, nimeinama naichokonoa kwa bisibisi. Nilijua ni yeye kwa mluzi tu. Nikalisukuma daftari mbele yake bila kuinua kichwa. Niliona mkono wake unaandika. Shati la bluu iliyofifia, kifungo cha mkononi hakikufungwa. Mluzi ulikuwa wa kawaida, si wa furaha wala si wa huzuni, au mimi sijui kupima mluzi. Hayo ndiyo yote ya kweli niliyonayo juu yake.

Lipo lingine, ni langu mimi. Polisi nimewaeleza jana. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Wiki ile maji yalikuwa yameanza kula ukingo. Mkuu alikuwa amenipa kibao cha kufunga njia ya mtoni, watu warudi kwa njia ya kilimani. Nilikuwa nimekiegemeza nyuma ya kiti changu tangu Alhamisi. Nilipanga kukipeleka mvua ikitulia.

Mwalimu alipomaliza kuandika hakuondoka. Alisimama kidogo, akaniuliza kitu. Redio ilikuwa inakwaruza. Sikusikia vizuri, nilisikia "mtoni", na sauti yake ikapanda mwishoni, kama anavyouliza mtu. Hakuwa mtu wa kurudia swali. Alingoja.

Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu. Pita tu."

Aliyekuwa Mlinda Lango